Kisu cha Steki: Ni Lazima, au Ni Mikogo ya Mjini Tu?

Staa huyo hana haja ya kutajwa jina, kila mtu ana wa kwake. Ametoka Dar au Arusha, kafika Katesh kwa shughuli ya siku mbili, Mlima Hanang unaonekana nyuma yake, kaagiza nyama choma. Inaletwa kwenye ubao, imeshakatwakatwa, chumvi pembeni, pilipili, kachumbari, ndizi za kuchoma. Simu inainuliwa: "Jamani, yaani huku hawana hata kisu cha steki?" Na kwenye klipu hiyohiyo yupo mhudumu, binti mdogo tu, kashika jagi la maji ya kunawa, hajui acheke au aombe msamaha.

Halafu komenti zinagawanyika. Wa kwanza wanasema huko ni ushamba. Wa pili wanasema anayekula nyama kwa kisu na uma anajishaua. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zimekosea, na anayeumia ni yule binti wa jagi.

Kwanza, neno lenyewe. Nenda bucha lolote Mbulu, Haydom au Kariakoo, omba kilo ya steki. Muuzaji atakupa nyama isiyo na mfupa, na bei yake iko juu kuliko mchanganyiko. Ikifika nyumbani inakatwa vipande, inaingia kwenye rosti au mishikaki. Yaani Mtanzania amekula steki miaka yote bila kisu chochote mezani, na hakuna aliyelalamika.

Steki ya hotelini ni kitu kingine. Ni pande nene, zima, limechomwa na kuwekwa kwenye sahani halijakatwa. Hapo kazi ya kukata imetolewa jikoni ikapewa mlaji. Na ukimpa mtu kazi, mpe na kifaa. Hiyo ndiyo sababu ya kisu cha steki kuwepo, ustaarabu hauhusiki.

Tena hata Ulaya kisu hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Zamani watu huko walikula kwa visu vyao wenyewe, vikali na vyenye ncha. Mwaka 1669 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa akapiga marufuku visu vyenye ncha mezani na mitaani ili kupunguza vurugu, na visu vya mezani vikazidi kuwa vya mviringo mbele. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, akapata chuma kisichoshika kutu. Taratibu visu vya mezani vikawa vya kung'aa na kuoshwa, siyo vya kunolewa kila mara. Vinapaka siagi vizuri sana, lakini mbele ya nyama vinaishiwa nguvu. Kwa hiyo ikabidi kiletwe tena kisu chenye makali, kwa jina jipya na bei mpya.

Yale meno yake nayo yana kazi. Sahani ni ngumu, kisu cha kawaida kikiikwaruza kila siku kinaisha makali. Kwenye kisu cha meno, ncha ndizo zinazogusa sahani, na makali ya katikati yanabaki salama. Ila meno yanachana nyama zaidi ya kuikata. Kisu laini kilichonolewa vizuri kinakata safi kuliko hicho.

Sasa rudi Hanang. Ng'ombe wengi wa huku ni zebu, wanatembea mbali kutafuta malisho na maji. Nyama yao ni tamu, lakini ina nyuzi ngumu. Mchomaji anayejua kazi anaiacha itulie dakika chache baada ya kutoka motoni, kisha anaikata kwa kukatisha nyuzi, siyo kuzifuata. Nyuzi zikiwa fupi, meno hayapati shida. Mkato huo mmoja unasaidia kuliko seti nzima ya visu vya kung'aa mezani. Staa analalamika hakuna kisu, kumbe kisu kimeshafanya kazi yake kabla nyama haijamfikia!

Na kuwaambia watu wa ukanda huu kwamba hawajui visu ni kichekesho. Jirani tu hapo, Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga wanafua visu na vichwa vya mishale kutokana na vyuma chakavu, na Wahadzabe ni wateja wao wa miaka mingi. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema kiwe na meno, wala hawakusema kiwe mezani.

Lakini haki itendeke pande zote. Hoteli ikikuuzia pande zima kwa bei ya mjini, halafu ikakupa kisu cha siagi, una haki ya kulalamika. Huo siyo utamaduni, ni huduma mbovu. Kisu butu kinakulazimisha ukandamize, kinateleza, na mwisho kinakukata wewe badala ya nyama. Na mtu akichoka kuhangaika anameza pande kubwa, linamkaba. Anayeomba kisu hapo hajishaui, anataka kula salama.

Kwa mwenye mgahawa mdogo anayetaka kukopa anunue seti ya visu kwa sababu ya klipu moja ya mtu wa mjini, ushauri ni kuituliza hela hiyo kwanza. Kinoo na tupa ni nafuu zaidi. Nao visu viwili vitatu vikali vya jikoni, na mchomaji anayejua nyuzi zinaelekea wapi, vitarudisha wateja. Akianza kuuza mapande mazima, hapo ndipo anunue visu vya mezani.

Na kwa mastaa, mbona dawa ni rahisi? Kama pande ni kubwa, sema: "Dada, naomba unikatie." Atakukatia kwa raha zake. Simu weka chini kidogo, nyama choma ikipoa haisubiri mtu.

Haya wadau, kwenu nyama inakatwa jikoni au mezani? Na yule binti wa jagi, nani anamdai nani msamaha?