Maji Yanaporudi Nyuma Bombani

Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya bomba la maji, jambo ambalo wengi wetu tumewaachia akina baba na mafundi. Kliniki, nikimwuliza mama anampa mtoto maji gani, mara nyingi hunijibu, "Yetu ni ya bomba, sista." Hulisema kwa kujiamini, nami naona wazi kwamba kwake habari imekwisha. Lakini bomba lina tabia moja ambayo wachache wanaijua. Maji yake yanaweza kurudi nyuma. Yale uliyoyachafua ndooni mwako yanaweza kuingia tena bombani, yakatoka uani kwako kwenda mtaani, na hatimaye yakafika katika kikombe cha mtoto wa jirani.

Inawezekanaje? Bila shaka umewahi kuona vijana wakihamisha petroli kwa mpira. Hunyonya mara moja tu, kisha petroli hujiendea yenyewe mpaka mwisho wake. Bomba nalo hufanya vivyo hivyo. Maji yakiwa na nguvu, husukumwa kutoka tangi kubwa la mamlaka kuja kwetu. Nguvu ile ikikatika, na mwenzako anayekaa bondeni akafungua koki yake, maji yaliyobaki katika bomba huteremka kwake, nayo huvuta nyuma yake chochote kinachogusa mdomo wa koki iliyo wazi kule juu.

Sasa tujiangalie sisi wa Dodoma. Sehemu kubwa ya maji ya mjini kwetu hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na mji wetu kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watu wameongezeka sana na maji hayatutoshi. Mgao tumeuzoea. Na mwanamke wa mahali penye mgao hufanya nini? Jioni huacha koki wazi, hutumbukiza mpira ndani ya pipa au ndoo, kisha hulala akitega sikio ili maji yakija usiku wa manane yajikinge yenyewe. Siwalaumu hata kidogo, maana maji yakikupita Jumanne huenda ukayaona tena Ijumaa. Lakini angalia mpira ule umelala wapi. Mara nyingine umezama katika ndoo iliyolowekwa nepi. Saa ile koki iko wazi, bomba halina kitu, na mpira umo ndani ya uchafu. Hakuna kinachokosekana ila mtu mmoja wa bondeni afungue koki yake.

Mtu atasema sista anatutisha. Basi sikilizeni yaliyotokea Marekani mwaka 1969, katika chuo kimoja cha Kikatoliki kiitwacho Holy Cross, mjini Worcester. Wachezaji wa timu ya mpira ya chuo walianza kuugua homa ya ini, mmoja baada ya mwingine. Wachezaji na walimu wao walikuwa 97, na uchunguzi ulionyesha kwamba 90 kati yao walikuwa wameambukizwa. Timu ilicheza mechi mbili tu, mashindano ya mwaka ule yakafutwa. Ilikuwaje? Bomba lililopeleka maji uwanjani lilikuwa na mahali pa kufungia mpira wa kumwagilia nyasi, ndani ya kishimo kilicho chini ya ardhi. Watoto wa jirani waliokuwa na ugonjwa ule walizoea kuchezea maji hapo. Siku moja mwishoni mwa Agosti moto ulizuka mjini, wazima moto wakavuta maji mengi, nguvu ya bomba ikashuka ghafla, na maji machafu ya kishimoni yakanyonywa kuingia bombani. Wachezaji walipomaliza mazoezi walikunywa. Hiyo ilikuwa nchi yenye maji saa ishirini na nne, na nguvu ilishuka kwa muda mfupi tu. Sisi bomba hukaa tupu siku nzima.

Uingereza wana kanuni za mwaka 1999 zinazopanga hatari ya maji katika madaraja matano, la tano likiwa baya kuliko yote. Katika daraja hilo wameweka maji ya chooni, na pamoja nayo wameweka maji ya karo la kuoshea vyombo jikoni. Mimi nilipoyasoma hayo nililitazama karo langu kwa macho mengine.

Kwetu ipo Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo ni kosa kuchafua maji ya mamlaka, kujiunganishia bomba bila idhini, au kuharibu mabomba na mita. Mwenye kutuhudumia hapa mjini ni DUWASA, na juu yake yupo EWURA. Lakini bomba lililo upande wa pili wa mita, yaani lile linaloingia uani, ni letu sisi. Hakuna askari atakayekuja usiku kuangalia mpira wako umelala wapi.

Kinachonisumbua zaidi ni pampu. Mtu akiona maji hayapandi katika simtanki lake, hununua pampu na kuifunga moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani. Kwake maji yanapanda, anafurahi. Kumbe pampu ile inanyonya bomba la mtaa mzima, na bomba likipasuka mahali, tuseme karibu na shimo la choo la mtu, lile tope linalozunguka ufa huvutwa ndani. Maji yaingie kwanza kwa nguvu yake yenyewe katika tangi la chini, ndipo pampu iyatoe humo na kuyapandisha juu. Baba akibisha, mwambie pampu hiyo inawanyima majirani maji na kuwarudishia uchafu.

Na wale wenye kisima uani, msikubali fundi aunganishe bomba la kisima na la mamlaka kwa kuweka koki tu katikati. Koki husahauliwa. Kila maji yawe na bomba lake, au yote mawili yamwagike kutoka juu katika tangi moja. Ndani ya simtanki, mdomo wa bomba la kuingizia uwe juu kuliko tundu la kumwagia maji yaliyozidi, hapo hata tangi likijaa mdomo hautazama.

Kuna jambo la shamba pia, kwa kuwa wengi wetu tunalima zabibu. Bomba la kupulizia dawa lisijazwe kwa mpira uliozamishwa ndani yake. Chota kwa ndoo, mimina. Vijidudu ukivichemsha hufa, lakini sumu ya mizabibu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa WaterGuard.

Kwa ndoo na pipa, kanuni ni fupi: mpira usiguse maji. Ufunge kwa kamba juu ya ukingo, ubaki wazi upana wa vidole vinne. Hewa ile iliyo katikati haiharibiki, haihitaji fundi wala fedha, kwani bomba likivuta litavuta hewa tupu. Nepi ziloweke mbali na koki. Na maji yakirudi baada ya mgao, yale ya kwanza yenye rangi ya tope yatumie kudekia au kumwagilia. Ya kunywa yakinge yakishatakata, kisha uyachemshe mpaka yatokote vizuri, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa.

Jambo la mwisho linahusu jikoni kwetu kanisani. Siku za harusi na makongamano tunapenda kutupa mpira ndani ya lile pipa la kuoshea sahani, koki ikiwa wazi, nasi tukaendelea na wali. Jumapili hii, kabla ya ibada, mmoja wetu apeleke kamba akaufunge ule mpira ukingoni.