Ziada ya ushuru wa tumbaku si ya kutapanywa

Msimu wa tumbaku ukiwa mzuri, halmashauri za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui mkoani Tabora huweza kukusanya ushuru kupita makadirio. Hapo kila mtu huwa na lake la kusema. Hoja nne husikika zaidi, na zote zina kasoro.

"Zirudishwe kwa wakulima, ni jasho lao." Kisheria ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Kweli, naye huupigia hesabu anapopanga bei, ndiyo maana mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Lakini ziada ikigawanywa kaya kwa kaya, kila moja itaambulia hela ya sabuni.

"Wakopeshwe wanawake na vijana." Tayari sheria inawatengea, pamoja na watu wenye ulemavu, asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mapato yakipanda, fungu hilo nalo hupanda. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024. Kwanza madeni ya zamani yalipwe.

"Tujenge kitu kikubwa kionekane." Jengo jipya hudai mlinzi, umeme na ukarabati kila mwaka, ilhali ziada ni ya mwaka mmoja. Na vijijini yapo maboma ya zahanati ambayo wananchi waliyapandisha hadi kwenye lenta kwa tofali zao wenyewe: hayana mabati wala milango, mvua inamega kuta. Hayo yamalizwe kwanza. Tena mshahara wa mganga na muuguzi watakaohudumu humo hulipwa na serikali kuu.

"Kuweka akiba ni kuzika fedha." Historia inatuonya: watemi wa Unyanyembe, himaya ya zamani ya Tabora, waliishi kwa hongo, yaani ushuru wa njia, ya misafara ya pembe za ndovu, wakidhani njia haitakauka. Wajerumani wakaja, reli ikafika Tabora mwaka 1912, wapagazi wakakosa mizigo. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2018 kampuni ya TLTC iliacha kununua tumbaku, wakulima wakahangaika na marobota yao. Halmashauri inayotegemea zao moja na wanunuzi wachache isipojiwekea akiba, siku kama hiyo ikirudi itakopa au itasimamisha miradi.

Madiwani wapitishe bajeti ya nyongeza yenye mafungu mawili tu: kumalizia maboma, na akiba ya msimu mbaya. Nawe mwananchi, diwani akikuletea mradi mpya, muulize kwanza boma la kijijini kwenu litaezekwa lini.