Thina Isiyo na Jina Ikatae



Wako mafundi wanaochonga pinde na mishale ya kuwauzia wageni. Uti wa mshale usipopakwa kitu huvuta unyevu, kisha hupinda. Mshale uliopinda haununuliwi. Kwa hiyo fundi hupaka laka, yaani vanishi inayokauka upesi. Laka ikiwa nzito, huzimuliwa kwa thina.

Taabu huanzia hapo. Fundi humtuma mtoto dukani na chupa ya soda. Muuzaji humjazia kutoka pipani. Hakuna anayeuliza ni thina gani. Mimi nasema desturi hii tuiache. Ziko sababu tatu.

Kwanza ni hasara. Kila kipakwa kina kizimulio chake. Laka hutaka thina ya laka. Vanishi ya mafuta hutaka tapentaini. Ukitia tapentaini katika laka, haichanganyiki vizuri. Hufanya mabonge na kazi yote huharibika. Ukipaka laka juu ya rangi ya mafuta, rangi ya chini hukunjamana. Thina ya laka huyeyusha hata gundi nyingi. Basi paka uti kwanza, manyoya yabandike baadaye. Wala usipake siku ya mvua, kwa maana laka huingia weupe kama ukungu.

Pili ni moto. Wengine huzimua kwa petroli kwa kuwa ni rahisi kuipata. Hiyo ni hatari kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye jiko au kibatari, kisha hulipuka. Thina nayo hushika moto upesi. Fanya kazi nje, mbali na moto na sigara.

Tatu ni afya. Mvuke wa thina huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo. Tena, mtoto akiona chupa ya soda hudhani ni soda. Akinywa thina, usimtapishe, kwa sababu inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja.

Utaniambia, "Kopo zima ni ghali." Ni kweli, kwa mtu mmoja. Lakini mafundi watano wakichanga, kopo moja litawatosha kwa kazi nyingi. Rahisi ghali, walisema wazee. Mishale ishirini iliyoharibika ni siku ngapi za kuchonga?

Utasema pia, "Maandishi ya kopo ni ya Kiingereza." Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, herufi unazijua. Tazama kopo la laka. Mara nyingi huandikwa jina au namba ya thina inayofaa. Linakili kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Nenda nayo dukani, uilinganishe na kopo la thina. Yakiwa sawa, nunua. Yakitofautiana, muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha. Ukifika nyumbani, jaribu kwanza kwenye kijiti kibovu.

Hukujifunza kusoma ili usome kitabu hiki tu. Umejifunza ili mtu asikuuzie kitu usichokijua. Ukipewa thina isiyo na jina, irudishe, hata kama bei yake ni ndogo.