Waraka kwa Wanachama: Mtoto wa Kidato cha Nne Apewe Jioni Yake

Kwa: Wanachama wote wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Makorora, Tanga
Kutoka: Katibu
Yah: Watoto wetu walioko kidato cha tatu na cha nne

Mama zangu, dada zangu, na kaka zetu wanne mnaozivumilia kelele zetu kila Jumamosi,



Matokeo ya kidato cha nne yametoka mwezi uliopita na nyote mliiona hali ilivyokuwa sokoni. Asubuhi ile pale Mgandini hakuna aliyeuza kitu kwa utulivu. Vijana walijazana kwenye kibanda cha wakala wa simu, mmoja amefungua tovuti ya Baraza la Mitihani, wengine wanamtajia namba. Siku hizi jirani akiijua namba ya mwanao, daraja lake analijua kabla yako. Wenzetu wawili walifunga meza mapema wakaenda zao, mmoja kwa furaha, mwingine kwa aibu. Huyo wa pili ndiye aliyenitia kalamu mkononi.

Siku tatu baadaye alinifuata akaniambia: "Katibu, mimi nimeishia darasa la saba. Vile vitabu vya Kiingereza ningemsaidia mwanangu nini?" Sikumjibu palepale. Jibu ninalo, ila si la kutolewa kati ya mafungu ya nyanya. Nalitoa hapa, tena kwa kuanza na aibu yangu mwenyewe ili yake ipungue.

Mwanangu wa kwanza alifanya mtihani mwaka 2012. Wenye watoto wa rika lile wanakumbuka. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na sifuri. Serikali ikaunda tume, mwenyekiti wake Profesa Sifuni Mchome, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na ilipofika Mei mwanangu akatoka sifuri akaingia daraja la nne. Nikashusha pumzi. Wa kuwalaumu nilikuwa nao tele: Baraza, walimu, mtaala, wizara. Nililaumu msibani, nililaumu harusini, na kila mtu alinipa haki yangu.

Ilipita miaka kabla sijakaa nikahesabu. Yule mtoto tangu kidato cha pili alikuwa akitoka shule saa tisa. Akifika anapeleka mchele mashineni. Akirudi anakaa mezani kuuza vitumbua vya jioni mpaka saa mbili usiku, halafu anaosha masufuria ya biashara. Saa tatu na nusu ndipo nilipokuwa nikimwambia, kwa sauti ya mzazi anayejali elimu, "Haya, sasa soma." Asome nini saa tatu na nusu, macho mekundu kwa moshi? Tume ya Profesa Mchome ilichunguza mambo mengi, lakini jikoni kwangu haikufika.

Basi, ndugu zangu, ninachowaomba katika waraka huu ni jioni ya mtoto. Kutojua Fizikia si kosa la mtu. Kuichukua jioni yake ndiko kosa letu, na sisi tunaoishi kwa biashara ndogo tunalitenda zaidi kuliko wengine, kwa sababu mtoto ndiye mfanyakazi asiyelipwa.

Sisemi mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyeosha hata sahani yake mwenyewe namwogopa. Kazi zipo za asubuhi ya Jumamosi, zipo za baada ya shule mpaka magharibi. Nasema hivi: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa tatu usiku, mtoto wa kidato cha nne asitumwe dukani, asikae mezani, asibebeshwe mdogo wake. Luku inunuliwe mchana isije ikamzimikia katikati ya swali. Saa nne awe amelala, na simu ilale chumbani kwako. Tukianza wiki hii, mpaka mtihani wa Novemba tuna miezi tisa, na sisi wanawake miezi tisa tunajua inavyokwenda: mwanzoni huoni kitu.

Kwa mabinti naongeza neno. Nyumba nyingi nilizopita, kaka mtu akisema anasoma anaachwa asome. Dada akisema anasoma anaambiwa amalizie vyombo kwanza. Ramadhani ikifika ndiyo basi tena: mihogo ya futari yeye, tambi yeye, uji yeye, daku yeye. Mtihani ni ule ule mmoja. Gawaneni kazi, na mabwana zetu nao mihogo wanaijua kuimenya, hasa wale wanne walio humu kikundini.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wanahisa hawaogopi hesabu. Daraja linatokana na masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Kinyume cha hisa zetu, hapa zikiwa chache ndiyo heri: pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne. Mwenye C saba ana 21, yuko la pili. Mwenye D saba ana 28, yuko la nne. Na ukuta uliopo kati ya C na D ni mwembamba sana: alama 44 ni D, 45 ni C. Kwenda kidato cha tano kunataka C zisizopungua tatu.

Ndiyo maana nawasihi, ripoti ya muhula ikija msiikimbilie ile sehemu ya nafasi darasani. Namjua mama aliyechinja kuku kwa sababu mwanawe amekuwa wa nane kati ya 130. Wastani wa mtoto ulikuwa 37. Tazama alama somo kwa somo, utafute yale yaliyo kati ya 38 na 44. Hayo ndiyo yaliyo karibu na mlango, na hayo ndiyo ya kumwuliza mwalimu: huyu anakosa nini? Nenda shuleni bila kuitwa. Wengi wetu geti la shule tunalipita siku mtoto amefanya utundu tu, kwa hiyo mwalimu akituona naye hujiandaa kwa ugomvi. Wenye watoto wa kidato cha pili msijione mko mbali. Alama za shuleni, pamoja na za upimaji wa kidato cha pili, huingizwa katika matokeo ya mwisho.

Nirudi kwa yule mwenzetu wa darasa la saba. Watoto wetu wanasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja wanakuta karibu kila kitu ni Kiingereza. Wengi wanachofanya ni kukariri. Wanaweza kukusomea ukurasa mzima bila kujua umesema nini, na mtihani ukiligeuza swali kidogo wanabaki wanatafuna kalamu.

Binti yangu wa pili alipofika kidato cha tatu nilimwekea sharti: kila jioni dakika kumi anieleze kwa Kiswahili alichosoma leo. Mwanzoni alicheka. Mama muuza vitumbua anataka Biolojia! Jioni moja akawa ananimwagia Kiingereza kama kasuku, nami nakoroga. Nikamwuliza, maana yake nini? Akababaika. Akajikusanya, akasema ni viumbe vidogo sana, vinakula sukari, vinapumua bila kutumia oksijeni, vinatoa hewa ya kaboni na kileo. Nikamwonyesha ndoo ya vitumbua, rojo imeumuka mpaka imeinua mfuniko. Nikamwambia, hamira si ndiyo hiyo? Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akainama akanusa. "Mama, ndiyo hiyo!" Usiku ule aliliandika jibu kwa Kiingereza bila kufungua daftari.

Tangu hapo ikawa mchezo wetu. Kwa nini samaki ukimpaka chumvi anatoa maji? Kwa nini sufuria lenye kitako chembamba linaunguza wali? Somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu tulilimalizia kwenye leja ya kikundi hiki hiki. Mweka hazina anakumbuka ni nani aliyeona kwamba mkopo mmoja umeandikwa mara mbili. Mimi sikumfundisha chochote. Nilikuwa naomba nielezwe mpaka nielewe, na ili mimi nielewe ilimpasa yeye aelewe kwanza. Matokeo yake ya mwaka 2019 mnayajua, daraja la pili, na msinifanye nijisifu zaidi ya hapo.

Hisabati ina neno lake. Hilo ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote. Mwaka hadi mwaka zaidi ya nusu ya watahiniwa hupata F. Hapa mzazi hahitaji kujua hata kutoa na kujumlisha. Hisabati haisomwi kwa macho. Ukimkuta mtoto amelala kifudifudi na kitabu cha Hisabati, hana kalamu wala karatasi, huyo hasomi, anapumzika. Mwulize kila siku, umefanya maswali mangapi? Akuonyeshe karatasi. Yaliyofutwafutwa ndiyo ya kufurahia.

Maswali yanapatikana. Baraza la Mitihani limeweka kwenye tovuti yake mitihani ya miaka iliyopita, na pia vitabu vya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali baada ya swali: waliopata walijibu nini, waliokosa walikosa wapi. Ni bure. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Kijana mmoja mwenye bando apakue, twende duka la kutoa kopi, tuchangie, kila nyumba ipate. Tuisheni siipingi mwalimu akiwa anajulikana. Ila yeyote atakayewauzia "maswali yatakayotoka" ni mwizi, na mtoto akikamatwa na udanganyifu anafutiwa matokeo yote. Mtakuwa mmelipa ili afeli.

Nikiwa kwenye fedha, nitasema la mahafali, na najua litaniletea maneno. Mahafali yanafanyika Septemba na Oktoba, mtihani bado. Tunashona vitenge vya sare, tunakodi gari na muziki, tunamvika mtoto mashada ya maua ya plastiki mpaka shingo inapotea, keki inakatwa. Wiki nzima hakuna anayesoma, na wiki inayofuata mtoto anatazama picha. Mwaka jana mikopo mitatu ya kikundi hiki iliyoombwa kwa jina la "elimu" iliishia kwenye keki. Majina ninayo na sitayataja. Napendekeza mkopo wa elimu kuanzia sasa uwe wa taa ya sola, kopi za mitihani, miwani kwa mtoto asiyeona ubaoni, mchango wa chakula cha kambi ya masomo. Mahafali kila mtu ajigharamie kwa faida yake, na akisubiri matokeo ya Januari nitakuja kucheza mimi mwenyewe.

Kwa waliokwama mwaka huu. Mtoto asiitwe majina, asifananishwe na mtoto wa fulani mbele ya wageni, na ile habari ya "nimekusomesha kwa moshi" aambiwe mara moja, yatosha. Anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo asilazwe ndani mpaka Juni akilia. Na binti aliyekatishwa masomo na ujauzito, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu arudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Humu ndani tunao mabibi wawili wanaolea wajukuu mchana ili mabinti zao wasome. Nawavulia kanga.

Kikao cha Jumamosi ijayo kitaanza saa nane mchana badala ya saa kumi, ili adhana ya magharibi ikute kila mtu yuko kwake. Wenye watoto wa kidato cha tatu na cha nne waje na ripoti za muhula uliopita. Hazitasomwa hadharani. Nitakaa na mmoja mmoja pembeni na kalamu nyekundu, tutazungushia masomo yaliyo karibu na 45. Mwenzetu niliyemtaja mwanzoni nimekwisha kuongea naye. Atakuja na mwanawe, na fomu ya usajili atajaziwa palepale. Vitumbua nitaleta mimi, vya asubuhi.

Wenu,
Katibu