Kumlea Mtoto wa Mbwa

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja. Mtoto wa mbwa tusimtenge na mamaye kabla ya majuma 8. Usiku wa kwanza akilia tusimpige, maana anawatafuta ndugu zake. Tumlaze karibu nasi, penye joto. Kila aamkapo na kila amalizapo kula, tumpeleke nje mahali pale pale. Akijisaidia huko, tumsifu papo hapo. Akikosea ndani, tusafishe bila fimbo: mbwa aliyezoea kipigo huogopa mkono, na mwenye hofu huuma upesi. Atimizapo miezi 3, achanjwe kuzuia kichaa cha mbwa. Mtoto wetu akiumwa, tuoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha tumkimbize hospitali siku ile ile.