Sahani ya mzee na tezi dume
Mzazi mwenzangu, jioni Tunduma moshi wa nyama choma haukosekani, na wazee wetu ni wateja wazuri. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuzuia saratani ya tezi dume. Lakini unene uliozidi huongeza hatari ya kupata ile iliyokwisha kusambaa. Kwa hiyo mpunguzie mzee mafuta na nyama nyekundu. Muongezee maharage ya Mbozi na mboga za majani, vinashibisha bila kunenepesha.

Ila sahani si kipimo. Saratani hii mara nyingi huanza kimyakimya, bila dalili. Mzee akifika miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliwahi kuugua, amuulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Na akiamka usiku mara kwa mara kukojoa, usimwambie, "Ni uzee tu." Msindikize hospitali.