Vitri fime: kioo gani kinaweza kuwa cheusi, na kioo gani kibaki wazi?

Kutoka Lubunga mpaka Yanonge ni kilometa karibu 60, na kwenye njia hiyo gari si nyingi. Pikipiki njo zinabeba watu, na mto njo unabeba mchele, muhogo, ndizi na makala ya kwenda Kisangani. Kwa hiyo gari ikipita, kila mtu anageuza kichwa aone ni nani yuko ndani. Ikiwa vioo vyote ni vyeusi, mbele na nyuma, haonekani mtu. Anabaki kujiuliza: ni mkubwa wa serikali, ni mfanyabiashara, ni askari, ao ni mtu mwenye nia mbaya?

Wenye gari nao wana sababu zao. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua linapiga mwaka mzima, na gari iliyosimama saa moja tu inakuwa kama tanuru. Wengine wanaficha mizigo juu ya wezi. Wengine wanapenda tu sura ya gari, wanasema vitri fime inaipa heshima. Haya yote yanaeleweka. Lakini vioo vya gari havifanyi kazi moja, na kubandika weusi uleule pande zote ni kosa ambalo linaweza kugharimu maisha ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni yule anayetembea kwa miguu.

Namba kwenye karatasi ile maana yake nini

Karatasi ya plastiki wanayobandika kwenye kioo inauzwa kwa namba: 70, 50, 35, 20, 5. Namba hiyo inaonyesha mwanga kiasi gani unapita, kwa mia. Karatasi ya 70 inapitisha sehemu 70 kati ya 100, macho hayatambui tofauti sana. Ile ya 5 inapitisha sehemu tano tu, mtu wa nje haoni kitu. Namba ikiwa ndogo, giza ni kubwa. Wanunuzi wengi wanafikiri kinyume, wanaomba "asilimia 70" wakidhani ndiyo nyeusi zaidi. Ni vizuri kumuuliza fundi akueleze kwanza anahesabu mwanga ao anahesabu giza.

Kuna hesabu nyingine ambayo fundi hasemi kila mara. Kioo chenyewe, hata kikiwa kipya, hakipitishi mwanga wote. Kikipitisha 75 kwa 100, halafu ukabandika karatasi ya 50 juu yake, hubaki na 50. Unabaki na nusu ya 75, ni kusema karibu 38. Ukiweka karatasi ya 35 kwenye kioo hicho, mwanga unaobaki ni karibu 26, robo tu. Na gari nyingi zinazotoka Japani zinakuja tayari na vioo vya nyuma vyenye giza la kiwandani. Ukiongeza karatasi juu ya giza lile, unaweka usiku juu ya usiku.

Kioo cha mbele ni macho ya shofere

Kioo kikubwa cha mbele na vioo viwili vya milango ya mbele, hivyo vitatu ndivyo shofere anatumia kuona barabara, njia panda, na vioo vidogo vya pembeni vya kuangalia nyuma. Ndiyo maana nchi nyingi zinaviweka peke yake katika sheria. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, inataka vioo vya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70, na anayevunja sheria anatozwa euro 135 na kupoteza pointi 3 kwenye leseni. Uingereza inataka asilimia 75 kwa kioo kikubwa cha mbele na 70 kwa milango ya mbele, kwa gari zilizoanza kutembea tangu Aprili 1985. Lakini vioo vya nyuma, nchi hiyo haikuvipimia giza.

Juu ya nini mbele wanakaza namna hiyo? Mchana karatasi nyeusi haisumbui sana. Shida inaanza saa kumi na mbili jioni. Huku kwetu kwenye ikweta jua halichelewi: likishazama, ndani ya dakika kama 20 giza limeshika. Na saa hiyo njo watu wanatoka mashamba, wamama na vitunga mgongoni, watoto wanarudi na maji, baiskeli bila taa, pikipiki yenye taa moja. Kijijini hakuna taa za barabarani za kumsaidia shofere. Kioo chake kikila nusu ya mwanga, mtu aliyevaa nguo ya giza anaonekana kwa kuchelewa.

Tupige hesabu ndogo. Gari ikikimbia kilometa 40 kwa saa, inapita mita 11 kila sekunde. Shofere akichelewa sekunde moja kumuona mtoto, amekwisha kupita mita 11 kabla mguu haujagusa breki. Kwenye barabara ya udongo, mvua ikiwa imenyesha, mita hizo haziwezi kurudishwa.

Kuna tena jambo ambalo kila mtu anafanya bila kufikiri. Mwenye kutaka kuvuka anamtazama shofere machoni. Shofere akitikisa kichwa ao akipunguza mkono, mtu anajua ameonekana. Kioo cheusi kinakata mazungumzo hayo. Mtu wa pikipiki naye hawezi kujua kama shofere anaangalia barabara ao anaangalia telefone. Sababu hiyo ya telefone ilikuwa moja ya zile Ufaransa ilitoa ilipokaza sheria yake.

Nyuma kuna nafasi ya kuchagua

Vioo vya milango ya nyuma na kile cha mwisho ni jambo tofauti. Hapo kuna watoto, wagonjwa, mizigo, na giza la kadiri linaweza kuwasaidia bila kumziba shofere macho, mradi gari ina vioo vya pembeni pande zote mbili, vizima na vilivyopangwa vizuri. Karatasi ya 50 ao 35 inatosha kwa watu wengi. Ile ya 5, hata nyuma, inamfanya shofere awe kama kipofu akirudi kinyumenyume usiku, na gari likirudi nyuma kwenye soko ao mbele ya shule ni hatari kubwa.

Na wale wanaotafuta ubaridi wajue hili: weusi na ubaridi si kitu kimoja. Karibu nusu ya joto la jua linaingia kwa miale ambayo macho hayaoni. Kuna karatasi za bei rahisi, nyeusi sana, zinazopunguza mwanga lakini zinaacha joto kubwa lipite. Kuna zingine za bei zaidi, karibu nyeupe, zinazozuia miale ile. Mwenye makuta kidogo anaweza kupata nafuu bila karatasi yoyote: kuegesha chini ya mti, kuweka kartoni mbele ya kioo gari ikiwa imesimama, kufungua milango dakika mbili kabla ya kuondoka.

Juu ya nini mamlaka zinaogopa vioo vyeusi

Hapa usalama wa barabara unakutana na usalama wa nchi. Uganda, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, watu walizoea kuita "drone" zile gari za Toyota Hiace zenye vioo vyeusi na zisizo na namba, zilizokuwa zinakamata wafuasi wa upinzani. Machi 2021 waziri wa mambo ya ndani, Jeje Odongo, alileta bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa mikononi mwa jeshi. Kenya, Mei 2014, baada ya mabomu kulipuka ndani ya basi kwenye barabara ya Thika, serikali iliagiza magari ya abiria yaondoe vioo vya giza.

Mifano hii miwili inaonyesha kitu kilekile kutoka pande mbili. Kenya serikali iliogopa abiria asiyeonekana. Uganda raia ndiye aliogopa serikali isiyoonekana. Sheria ya vioo ikimgusa raia tu na kuwaacha wenye nguvu, hofu haiondoki. Inabadilisha tu upande.

Kwetu Kongo, sheria kubwa ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na nchi, ikiitwa Zaire, ilikuwa imejiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna unaotaka shofere aone vizuri mbele, kuume na kushoto. Juu ya hiyo, matangazo ya kukataza vitri fime yanarudi mara kwa mara katika miji yetu, zaidi visa vya wizi na utekaji vikiongezeka. Wiki za kwanza watu wanabandua. Kisha miezi inapita, karatasi zinarudi.

Upande wetu wa Lubunga suala hili lina uzito wake. Tangu 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola umeua watu, umechoma nyumba, umekimbiza jamaa nyingi kwenda Kisangani. Mahali watu wangali na kidonda kama hicho, gari nyeusi inayopita kijijini jioni bila mtu kuonekana inaweza kuanzisha maneno, na maneno yanaweza kuanzisha mawe. Shofere mwenye nia njema njo atakayelipa.

Kwenye barieri

Tatizo la mwisho ni la kupima. Giza la kioo linapimwa na chombo kidogo kinachobanwa kwenye kioo na kusoma mwanga. Polisi akikosa chombo hicho, anapima kwa macho. Macho ya mmoja yanasema "kidogo", ya mwingine yanasema "mingi", na katikati yao wanaingia madesu ya bana. Sheria ya asilimia bila chombo cha kupimia inageuka kuwa soko.

India ilipata dawa rahisi. Tarehe 27 Aprili 2012 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilikataza kubandika karatasi yoyote kwenye vioo vya gari, hata kama ni ya asilimia gani. Kioo cha kiwandani tu ndicho kilibaki. Amri ya namna hiyo ni kali, lakini kila mtu anaweza kuihakikisha: karatasi ipo ao haipo. Kwa barabara zetu, kanuni ya katikati inawezekana: hakuna karatasi kabisa kwenye vioo vitatu vya mbele, na nyuma giza la kadiri. Polisi hahitaji chombo, shofere hana cha kubishana, na mtu wa kijiji anaona uso wa anayeendesha. Kanuni hiyo ingefaa ianze na gari za serikali na za mashirika, juu zenyewe njo nyingi kwenye njia hii.

Kwa aliye na gari leo, kabla hajamlipa fundi, kuna mambo machache ya kufanya. Aangalie kwanza kama vioo vya nyuma vina giza la kiwandani. Aombe kuona namba ya karatasi yenyewe, si maneno ya fundi. Karatasi ikishabandikwa, akae mahali pa shofere saa kumi na mbili na nusu, amwambie mtu asimame mita 20 pembeni akiwa na nguo nyeusi. Asipomuona vizuri, abandue. Na kwenye barieri, usiku, ashushe kioo na awashe taa ya ndani mapema, kabla hajaulizwa.